Asilale Kabla ya Saa Nane

Saa kumi na dakika tano alfajiri, Herieth alisimamishwa kwenye sakafu ya saruji akiwa bado amefumba macho. Mama yake, Kokushubila, alimshika mabega mpaka alipoona magoti ya mtoto yamekaza, kisha akawasha taa. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne na alikuwa amelala kwa muda wa saa tano tu. Ndivyo karatasi ya hospitali ilivyoagiza: apelekwe kitandani saa tano usiku, aamshwe saa kumi, asifumbe jicho tena mpaka saa nane mchana, atakapolazwa kwenye kitanda cha kipimo na kuambiwa sasa lala.

Juu ya bati mvua ilikuwa inanyesha kwa mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Kokushubila aliisikiliza na kugundua kwamba katika mipango yake yote hakuwa ameiweka mvua. Kwao, juu ya kilima nyuma ya mji wa Bukoba, mvua haipangiwi. Hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na watu huenda shuleni, shambani na kanisani ndani yake. Lakini hapa Kipawa, Dar es Salaam, ambako walikuwa na siku ya nne tu tangu washuke kwenye basi, mvua ya Mei ilikuwa kitu kingine. Watu waliifungia milango.

Alikuwa mwalimu wa kemia, na tangu Februari aliandika kila kitu kwenye daftari la mistari. Herieth alikuwa anapotea. Alikatika katikati ya neno, macho wazi, kijiko mkononi, halafu akarudi na kuendelea na neno lilelile. Sekunde tano, sekunde tisa. Aprili alianguka darasani kwenye chekechea, akapewa dawa, na baada ya dawa kule kupotea kukapanda kutoka mara nane kwa siku mpaka mara kumi na saba. Daktari wa huku Dar alilisoma daftari lote bila kuinua kichwa. Kisha alisema kwamba dawa ile inafaa kwa aina moja ya kifafa na inaweza kuharibu kwa aina nyingine, na kwamba hawezi kuibadilisha kwa kubahatisha. Alihitaji mchoro wa umeme wa ubongo, mtoto akiwa macho na kisha akiwa usingizini, usingizi wake mwenyewe, si wa sindano, kwa sababu dawa ya usingizi huchafua mchoro. Nafasi ya leo, Jumanne, ilikuwa imeachwa na mgonjwa mwingine. Nafasi iliyofuata ilikuwa katikati ya Julai. Ruhusa ya Kokushubila kazini iliisha Ijumaa.

Mtoto akisinzia njiani, hata kwa dakika kumi, huenda asilale kitandani, na siku ikawa imepotea. Daktari alisema na jambo la pili, kwa sababu aliulizwa: kumnyima usingizi mtoto wa aina hii kunaweza kumwangusha. Kokushubila aliyaandika yote mawili, moja chini ya lingine.

Mpaka saa mbili asubuhi mambo yalikwenda. Dada yake Herieth, Yustina, mwenye miaka saba, alipewa kazi ya kuuliza maswali, na aliifanya kwa ukali wa mkaguzi wa shule. Alitaka majina ya shangazi wote. Alitaka rangi za mbuzi wa babu, mmoja baada ya mwingine.

"Umefumba jicho," alimshtaki mdogo wake.

"Sijalala," Herieth alisema. "Naangalia ndani."

Hatari ilitoka kwa mwenye nyumba. Bi Mwajabu alikuwa Mzaramo mtu mzima ambaye watoto wake wote walikuwa wamekwishaolewa na kuoa, na binamu yake Kokushubila, Projestus, alipanga kwake vyumba viwili. Projestus alikuwa kazini kwenye mizigo ya uwanja wa ndege, kwa hiyo Bi Mwajabu alijiona ndiye mwenyeji, na mwenyeji haachi mtoto anatetemeka. Kokushubila alimwamkia, akapokea uji, akaingia bafuni kumwogesha Yustina. Alikaa dakika nne. Alipotoka, Herieth alikuwa amepakatwa, amefunikwa khanga mpaka kidevuni, na kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kinang'aa. Bi Mwajabu alikuwa anamkanda utosi kwa mafuta ya nazi, taratibu, akivuma wimbo bila maneno. Kope za mtoto zilikuwa zimeshuka nusu.

Karatasi ilisema kichwa kioshwe kwa sabuni na kisipakwe mafuta yoyote, maana vile vidude vya mashine havishiki kwenye mafuta.

Kokushubila alimnyanyua mtoto na kumpeleka uani. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa kwenye ndoo chini ya mchirizi wa bati. Alimwosha kichwa kwa sabuni ya mche mara tatu, na Herieth alipiga kelele ambazo zilisikika mpaka nyumba ya nne. Bi Mwajabu alisimama mlangoni na kichupa chake mkononi.

"Mvua hii, mwanangu, mtoto analazwa. Anapewa uji, anapakwa mafuta, anafunikwa, analazwa. Wewe unamwagia maji. Kwa kosa gani?"

Kokushubila alimfuta mtoto kichwa na kumjibu waziwazi kwamba Herieth ana kifafa, na kwamba leo anakwenda kupimwa, na kwamba akilala kabla ya saa nane kipimo kinaharibika. Bi Mwajabu aliangalia huku na huku kuona kama majirani wamelisikia neno. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa huo hautajwi hivyo, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kisha, kwa moyo mzuri kabisa, aliahidi kumlinda mtoto yeye mwenyewe asilale, na akaingia ndani kutandika mkeka ili wakae vizuri.

Kokushubila aliutazama mkeka, mto uliowekwa juu yake, jiko la mkaa lililosogezwa karibu. Alilisikiliza bati. Nyumba ile ilikuwa na kila kitu cha kumlaza mtoto. Saa tatu kasoro dakika kumi aliwavisha mabinti viatu vya mpira na masweta, akachukua mwavuli na mfuko wenye dawa ya dharura, daftari na nguo kavu, akaaga. Bi Mwajabu aliwasindikiza mpaka kizingitini na hakutoka zaidi ya hapo. Alisema watu wa bara ni wagumu, na hakulisema kama sifa.

Waliziona kwanza ndege. Ilikuwa rahisi, kwa sababu Kipawa ndege hazitafutwi. Walisimama kwenye kona ambako barabara ya mtaa inaikaribia senyenge ya uwanja, na zikawapitia juu ya kichwa. Ya kwanza ilitokea ghafla kwenye wingu, kubwa na ya chini mno, na Herieth akainama. Ya pili waliingoja dakika ishirini na sita. Herieth aliuliza kama ndege ikilowa inaumwa kifua. Yustina alimjibu kwamba ndege haina kifua ila ina tumbo, na tumboni mna mizigo ya mjomba Projestus. Hoja hiyo iliwapeleka mpaka saa tatu na nusu, na baada ya hapo ndege ya tatu haikuja, na Herieth akaegemea paja la mama yake na uzito wake ukaanza kuongezeka. Kokushubila aliujua uzito huo. Aliondoka pale alipoegemewa, kwa makusudi, na mtoto akayumba akafumbua macho.

"Tunakwenda kuona ng'ombe," mama alisema.

Projestus alikuwa amewaambia juu ya ng'ombe wa Vingunguti wanaoshushwa kwenye malori karibu na machinjio. Walivuka barabara kuu, wakatembea. Mitaa ilikuwa mitupu kuliko alivyotarajia. Vibanda vya chipsi vimefunikwa turubai, mafundi cherehani wamevuta mashine zao ndani, na anayepita alipita mbio akiwa na beseni kichwani badala ya mwavuli. Alikuwa amezoea kwamba ukitaka njia unauliza. Hapakuwa na wa kumuuliza. Harufu ndiyo iliyowaongoza, na Kokushubila aliihesabu harufu hiyo upande wa faida. Mtu hasinzii kirahisi mahali panaponuka hivyo.

Ng'ombe walikuwa thelathini au zaidi, wamesimama kwenye zizi la mabomba, mvuke ukiwatoka migongoni. Herieth aliwatazama vichwani, mmoja mmoja. Nyumbani alizoea ng'ombe wenye pembe za kukumbatia mbingu.

"Nani amewakata pembe?" aliuliza.

Mama yake alimweleza kwamba hawajakatwa, wamezaliwa hivyo, ni ng'ombe wa Singida na Dodoma. Herieth hakuamini. Alitaka kujua ng'ombe mmoja mmoja kama anaumwa, na yule mweusi, na yule mwenye doa, na kila alipouliza Yustina alijibu kwa niaba ya ng'ombe, kwa sauti nzito ya pua, kwamba haumwi ila ana njaa. Walicheka. Dakika arobaini zikaisha bila shida, ndizo dakika rahisi kuliko zote za siku ile.

Saa nne na nusu mvua iliongezeka hata mwavuli ukawa wa bure. Kokushubila alitaka kurudi barabara kuu apate bajaji, kwa kuwa hospitali ilikuwa Temeke na alitaka kuwa karibu nayo mapema. Walikunja kona mbili, tatu, kukwepa dimbwi, na alipotazama nyuma hakuujua tena mtaa waliotokea. Nyumba zilifanana, vichochoro vilifanana, simu ilikuwa imelowa na haikukubali kidole.

Akafanya alichokifanya maisha yake yote. Huko kwao, mtu aliyepotea kwenye mvua hushuka. Kila njia ya mteremko huishia mjini au ziwani, na ukiwa ziwani umeshaona mji. Hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo kama kanuni inayohitaji kuthibitishwa. Aliangalia maji yanavyokwenda, akayafuata, akiwa ameshika mkono mmoja kila upande.

Walishuka kwa zaidi ya nusu saa. Njia ilizidi kuwa nyembamba. Maji yaliyokuwa vifundoni mwa Yustina yalifika kwenye mashavu ya miguu ya Herieth, ya rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa na mwendo. Saa tano na dakika saba walifika mahali ambapo uchochoro ulikatika. Mbele palikuwa na maji mapana, yakipita kwa kasi, yamebeba matawi na ndoo moja ya bluu, na nyumba ya mwisho upande wao ilikuwa na mifuko ya mchanga mlangoni.

Mwanamume wa makamo, suruali imekunjwa mpaka magotini, alikuwa anafunga matenga mawili ya kuku kwa kamba ya katani. Aliwaona, akasimama wima.

"Mnakwenda wapi na watoto?"

"Barabara kuu."

"Huku?" Aliyaelekezea kidevu maji yale mapana. "Huku hakuna barabara, mama. Huku kuna mto Msimbazi tu."

Kokushubila alimwambia kwamba kwao mtu akishuka anafika mjini.

"Hapa akishuka mto unamchukua, anaokotwa kule chini, Jangwani," yule mtu alisema, bila kucheka. Alijitaja kuwa Mfaume. Alisema maji yalikuwa yanapanda tangu saa mbili, mke wake ameshatangulia na magodoro kwa dada yake kule juu, na yeye alikuwa anamalizia kuku. Waongozane naye, peke yao wasingetoka kwenye vichochoro vile mpaka jioni.

Kisha alimtazama Herieth. Mtoto alikuwa amesimama kwenye maji, midomo imepauka, kichwa kikielea mbele na kurudi. Mfaume alichuchumaa, akampa mgongo.

"Panda, mama mdogo. Twende."

Kila kitu mwilini mwa Herieth kilisogea kuelekea mgongo ule. Mama yake alimvuta nyuma.

"Hapana. Atatembea."

Mfaume aligeuka bila kuinuka. Aliuliza kama amesikia vizuri. Mtoto huyu, kwenye maji haya, atembee? Kokushubila alisema ndiyo. Alijua kilichokuwa kinapita kichwani mwa yule mtu, kwa sababu kingempitia na yeye. Tangu Herieth alipozaliwa hakuwahi kupita siku moja bila kupanda mgongoni, na hakuwahi kukaa mgongoni kwa zaidi ya dakika tano bila kulala. Hilo nalo lilikuwamo kwenye daftari.

"Mama gani wewe?" Mfaume alisema.

"Akipanda atalala. Akilala, hospitali hawawezi kumpima, na dawa anayokunywa sasa inamzidishia ugonjwa. Anatakiwa kukaa macho mpaka saa nane."

Mfaume alibaki amechuchumaa kidogo, mvua ikimpiga kisogoni. Akaitazama saa ya Kokushubila, akamtazama mtoto. Halafu aliinuka, akafungua tenga moja, akaingiza mkono na kutoa mtetea mdogo wa kahawia, amelowa, mwenye hasira. Aliibana miguu yake, akamkunja mabawa, akamkabidhi Herieth kifuani.

"Huyu ana wazimu," alimwambia. "Mie mwenyewe ananishinda. Ukimlegezea tu, anaruka kwenye maji, na hajui kuogelea. Mshike mikono miwili. Haya, umemshika?"

Herieth alikuwa amefumbua macho yote mawili. Kuku alikuwa na joto, moyo wake ukidunda haraka chini ya manyoya, na alijaribu kumdonoa kidevu. Mtoto alisema ameshamshika.

Yustina alidai wake, akapewa jogoo mchanga. Mfaume alijitwisha matenga, moja kichwani, lingine mkononi, akatangulia. Wakaanza kupanda.

Ilikuwa safari ya vichochoro ambavyo Kokushubila asingevipata hata kwa ramani, katikati ya kuta, kupitia uani kwa watu, juu ya mbao zilizowekwa kwenye mitaro. Herieth alitembea. Aliteleza, akakaa chini kwenye tope huku amemwinua kuku juu, akasimama. Kila walipopita, watu waliokuwa wamejazana kwenye varanda waliangalia lile jambo: mama mzima, mikono mitupu isipokuwa mwavuli, na mtoto wa miaka minne anapanda mlima wa tope na kuku. Mwanamke mmoja mwenye baibui alimwambia ampokee mtoto, jamani, anamtesa. Mwingine aliuliza kwa sauti kama huyu ni mama yake au ni mama wa kambo. Kokushubila alizidi kupanda. Kwenye varanda ya tatu, msichana alipoanza kucheka, Mfaume alisimama na kumwambia kwamba mtoto huyu ni mfanyakazi wake, ameajiriwa asubuhi hii, na wasimsumbue akiwa kazini.

Karibu na juu, Herieth alipotea.

Kokushubila aliliona kwenye mabega kwanza. Mtoto alisimama mguu mmoja mbele, macho wazi, yanatazama ukuta usio na kitu, na mikono ikalegea. Mtetea aliruka, akapiga kelele, akatua juu ya ua wa mabati. Kokushubila alishafika nyuma ya mwanawe, mikono miwili chini ya makwapa bila kumnyanyua, akihesabu kwa sauti ya kawaida. Yustina alisimama na jogoo wake. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mkono mmoja wa Kokushubila ungeweza kuachia na kuifikia dawa ya dharura ndani ya mfuko. Karatasi ilisema itumike baada ya dakika tano, si kabla. Kumi na tisa.

"...wangu?" Herieth alisema, akimalizia neno ambalo hakuna aliyelisikia mwanzo wake. Akatazama mikono yake. "Kuku wangu yuko wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuzidi sekunde kumi na tano. Hakuanguka. Kokushubila alitazama saa: sita kasoro dakika saba. Alitoa daftari na kuandika chini ya mwavuli, na herufi zilitawanyika kwenye karatasi mbichi, lakini zilisomeka.

Mfaume alikuwa ameweka matenga chini. Alimwona mtoto, alisikia hesabu. Alipanda kwenye tofali, akamkamata mtetea kwa mguu juu ya mabati, akamfuta matope kwa shati lake mwenyewe, akamrudisha mikononi mwa Herieth.

"Nilikwambia ana wazimu," alisema. "Mbane zaidi."

Saa sita na dakika nne walifika nyumba ya dada yake, mita mia hivi kutoka barabarani. Kuku walipokelewa mlangoni na kuhesabiwa, wote wapo. Dada mtu alishaanza kuvua khanga ya begani ili amfunike Herieth, na Mfaume akamzuia mkono. Alimweleza mambo kwa maneno machache, kwa Kizaramo, na Kokushubila hakuyaelewa, ila yule mama aliirudisha khanga begani, akaleta muwa uliomenywa. Kutafuna ni kazi. Kokushubila alibadilisha nguo za watoto hapo hapo ukumbini, wakiwa wamesimama.

Bajaji aliitafuta Mfaume. Dereva wake alikuwa kijana aitwaye Talha, mwembamba, na kofia ya pamba, na jambo la kwanza alilolifanya ni kushusha mapazia ya turubai pande zote mbili ili wateja wasilowe.

"Yapandishe," Kokushubila alisema.

Talha alimwambia mvua itawaingilia. Alijibiwa kwamba ndicho kinachotakiwa. Akamtazama Mfaume, na Mfaume akamwambia apandishe tu, kaka, huyu mama ana mambo yake.

Kokushubila hakumkalisha Herieth. Alimsimamisha katikati ya magoti yake, uso kwenye upepo. Waliingia barabara kuu saa sita na dakika ishirini na moja, na foleni ilikuwa imekaa kama imejengwa pale. Injini ilitetemeka chini yao, kwa mtetemo ule unaolaza hata watu wazima. Muwa uliisha. Yustina aliuliza majina ya shangazi, na Herieth alisema amesahau. Aliuliza rangi za mbuzi. Herieth alisema mbuzi wamelala. Kichwa chake kiliangukia kwenye mkono wa mama, kikainuliwa, kikaanguka tena. Saa sita na arobaini Yustina mwenyewe alikuwa anapiga miayo, na Kokushubila aliona kwamba maswali yamefika mwisho wake.

Kwenye dashibodi ya bajaji palikuwa na redio ndogo, na ndani yake, kwa sauti ya heshima, singeli ilikuwa inakwenda mbio kama cherehani.

"Ongeza sauti," alimwambia Talha.

Talha aligeuka nusu. "Hii?"

"Hiyohiyo. Mpaka mwisho."

"Mama, mie wamama wote wananiambiaga nipunguze. Kuna mmoja alishuka kabisa akaenda na miguu."

"Mimi sishuki. Ongeza."

Aliongeza. Spika zilikuwa mbili nyuma ya kiti, kubwa kuliko alivyodhani, na ngoma ilizipiga mbavu zao. Watu kwenye gari la jirani waligeuka. Herieth aliinua kichwa kama aliyeitwa. Talha alianza kuimba sambamba na mwimbaji, haraka hivyohivyo, bila kukosa neno, mkono mmoja hewani, akimwambia Herieth ajibu kila mwisho wa mstari, na Herieth, ambaye hakuelewa hata neno moja la mstari wenyewe, alijibu. Kokushubila, ambaye shuleni kwake alikuwa na jina la kuzima redio za wanafunzi, alimshika mtoto mikono na kumrusharusha kwa mdundo.

Karibu na Tazara Talha alisema barabara ya mbele imekatwa na maji na magari madogo yanarudi. Alijua njia ya ndani. Kokushubila alimuuliza kama njia hiyo inashuka popote. Talha akasema hapana, imelala tu. Kokushubila akamwambia aende.

Saa nane kasoro dakika kumi na moja walishuka kwenye geti la hospitali. Herieth alitembea kutoka getini mpaka jengo la vipimo kwa miguu yake, akiwa ameshikwa mkono na dada yake, akijikwaa kila baada ya hatua chache.

Mtaalamu wa kipimo alikuwa dada wa makamo aitwaye Najat, mwenye hijabu nyeupe na vidole vyepesi. Aliuliza mtoto amelala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Aliuliza kama amesinzia. Kokushubila alijibu kwamba hajasinzia, na kwamba alipotea kwa sekunde kumi na tisa saa sita kasoro dakika saba, akaonyesha mahali kwenye daftari. Najat alinakili. Alipitisha kidole juu ya kichwa cha Herieth kutafuta mafuta, hakuyapata. Alianza kubandika vidude, kimoja kimoja, kwa jeli nyeupe, na nyaya za rangi zikashuka nyuma ya shingo. Zilikuwa ishirini na moja.

Kwanza walipima akiwa macho. Alifumba, alifumbua, alipuliza karatasi iliyoning'inizwa mbele ya mdomo wake mpaka akachoka. Kisha Najat alizima taa, akamwambia Kokushubila akae kwenye kiti cha pembeni, asimguse mtoto wala kusema, na akamwambia Herieth alale.

Herieth hakulala.

Aliuliza ng'ombe wa Dodoma wanalala wapi. Aliuliza kama kuku akifika kwa dada yake Mfaume atapewa jina. Alikaa kitako, nyaya zikavutika, Najat akamlaza tena. Mvua ilikuwa imepungua nje ya dirisha, na chumba kilikuwa kimya, kimya kuliko mahali pote walipopita siku ile. Dakika nane zilipita, kisha kumi. Najat aliiangalia saa ya ukutani. Mgonjwa mwingine alikuwa wa saa tisa na nusu. Yustina alikuwa amelala kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi kidogo, na pumzi yake ilisikika. Kokushubila aliikalia mikono yake yote miwili. Hakuwa na jambo jingine la kufanya.

Herieth aligeukia ukuta. Kwenye skrini mistari ilikuwa bado ya haraka na ya chini, yenye meno. Najat alisogeza kiti. Mistari ikapanuka kidogo, ikarudi, ikapanuka tena, na mguu mmoja wa mtoto ukaruka chini ya shuka na kutulia.

Saa nane na dakika hamsini na nne Najat alisema kwa sauti ya chini, "Amelala," na akaiandika saa hiyo kwenye fomu.